Maswali ya Wasomaji: Tarehe Inayoingia Sahihi na Kutoka Kosa

Barua tulizochagua safari hii zimetoka Tanga na Bagamoyo. Waandishi wake wanatumia lugha tofauti za kuandikia programu, lakini kilio chao ni kimoja: tarehe iko sawa kwenye skrini, ikishaandikwa kwenye faili la XML (maandishi yenye alama, ya kupelekea data kutoka programu moja hadi nyingine) inageuka. Tumetangulisha barua yenye madhara makubwa kuliko zote.

Mtoto kazaliwa tarehe 12, faili linasema 11

*Habari za kazi, ndugu wataalamu. Nimetengeneza programu ya Java ya kutunza kadi za kliniki ya watoto. Kila jioni inaandika kumbukumbu za siku kwenye XML kwa kutumia JAXB, laibrari ya Java ya kuandika na kusoma XML, kisha faili linapelekwa kwenye seva ya ofisi nyingine. Mtoto aliyezaliwa 12 Machi 2019 kwangu yuko sawa, kule anasomeka 11 Machi. Nimelinganisha kadi 40, zote zimepungua siku moja. Kosa ni langu au la wenzangu? — Msomaji, Ngamiani, Tanga*

Ndugu yetu, seva ya wenzako haijakosea hesabu. Imepewa kitu ambacho si tarehe. Lifungue faili lako kwa programu ya kawaida ya maandishi, uutazame mstari wenyewe. Utaukuta hivi:

`<kuzaliwa>2019-03-12T00:00:00+03:00</kuzaliwa>`

Hapo hukuandika siku. Umeandika nukta moja ya wakati, saa sita kamili usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Seva iliyowekwa kwenye saa za UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa 3, inaichukua nukta ile ile na kuisoma kwa saa zake: Tanga ikiwa saa sita usiku, kwa UTC bado ni saa tatu usiku wa jana yake, yaani 2019-03-11T21:00:00Z. Kisha inakata sehemu ya saa na kubaki na tarehe 11.

Chanzo ni aina ya `java.util.Date` uliyoitumia kwenye klasi ya mtoto. Jina lake linapotosha. Ndani yake hamna siku, mwezi wala mwaka. Mna idadi ya milisekunde tangu 1 Januari 1970 kwa saa za UTC, basi. JAXB ikiikuta huiandika kama `xs:dateTime`, pamoja na saa na tofauti ya ukanda wa kompyuta iliyoandika. Ndiyo maana kubadilisha saa ya kompyuta hakuwezi kukusaidia.

Na jambo hili si dogo. Chanjo ya wiki ya 6 huhesabiwa siku 42 tangu kuzaliwa. Mtoto wa 12 Machi 2019 anafika siku hiyo 23 Aprili, Jumanne. Ukianza na 11 Machi unapata 22 Aprili, na mwaka ule hiyo ilikuwa Jumatatu ya Pasaka. Mama angetumiwa ujumbe aje kliniki siku ya sikukuu.

Tiba yake ni kutumia `LocalDate`, aina iliyokuja na Java 8 mwaka 2014. Yenyewe inabeba mwaka, mwezi na siku tu, haina saa wala ukanda, kwa hiyo hakuna cha kugeuzwa njiani. Ila JAXB haiijui kwa asili: ukiiacha hivi hivi utapata kosa la kukosekana kwa konstrakta isiyo na vigezo, au elementi itatoka tupu. Inahitaji adapta ndogo ya kuitafsiri:

```
public class TareheAdapta extends XmlAdapter<String, LocalDate> {
    @Override
    public LocalDate unmarshal(String s) {
        if (s == null || s.isBlank()) return null;
        return LocalDate.parse(s.trim(), DateTimeFormatter.ISO_DATE);
    }
    @Override
    public String marshal(LocalDate t) {
        return t == null ? null : t.toString();
    }
}
```

Juu ya fildi ya kuzaliwa weka `@XmlJavaTypeAdapter(TareheAdapta.class)`, na kwenye skima, lile faili la kanuni zinazosema XML yako iweje, badilisha aina kutoka `xs:dateTime` kuwa `xs:date`. Mstari utatoka hivi:

`<kuzaliwa>2019-03-12</kuzaliwa>`

Tumechagua `ISO_DATE` kwa kusudi. Kanuni za `xs:date` zinaruhusu tofauti ya ukanda ifuate tarehe, kama 2019-03-12+03:00, na mafaili ya namna hiyo yapo mengi. `LocalDate.parse` ya kawaida inayakataa. `ISO_DATE` inayasoma na kuiacha ile +03:00. Usishangae ukiyaona hata kwako: anayebaki na `java.util.Date` na kuongeza tu `@XmlSchemaType(name = "date")` anapata mstari wa namna hiyo hiyo, na tatizo la kupungua siku linabaki palepale kwa mpokeaji anayegeuza ukanda. Jambo jingine la kuangalia ni toleo la Java. Kuanzia Java 11 ya mwaka 2018 JAXB haimo tena ndani ya Java yenyewe. Unaiongeza kama laibrari, na katika matoleo mapya jina la pakiti ni `jakarta.xml.bind` badala ya `javax.xml.bind`. Ukichanganya hizo mbili kwenye mradi mmoja, anotesheni zako hazitaonwa kabisa.

Wapo watakaokushauri uwaombe wenzako waweke seva yao kwenye ukanda wa Dar es Salaam. Usikubali. Tarehe zitaonekana zimepona, mpaka siku seva itakapohamishwa au faili litakapokwenda kwa mtu wa tatu.

Sasa kuhusu mafaili yaliyokwisha kuharibika. Kwako kazi ni nyepesi: soma kila thamani kwa `OffsetDateTime.parse`, kisha `toLocalDate()`, bila kugeuza ukanda; 12 itarudi kuwa 12. Kwa wenzako inategemea walichohifadhi. Kama kanzidata yao bado ina 2019-03-11T21:00:00Z, wageuze kwenda `Africa/Dar_es_Salaam` ndipo wakate saa. Dalili ya kuwa hali inaponyeka ni kwamba rekodi zote zina 21:00:00 kamili. Kama walikwisha kata saa na kubakiza 11 tupu, hamna njia ya uhakika ya kuzitofautisha na tarehe 11 za kweli. Pelekeni upya kumbukumbu zote kutoka kwako.

Na ukija kutumia programu hii kwa kadi za wazee, kuna mtego wa zaidi. Kanzidata ya kanda za saa ya IANA, ambayo Java inaitegemea, katika matoleo yake ya zamani inaonyesha kwamba eneo letu lilikuwa saa 2 na dakika 45 mbele ya UTC hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Matoleo mapya yanaonyesha saa 3 kamili kwa miaka hiyo. Mzee wa 10 Juni 1958 akiandikwa saa sita usiku na kompyuta yenye data mpya, kisha akasomwa na yenye data ya zamani, anaangukia 9 Juni, saa sita kasorobo usiku. Kompyuta zote mbili ziko Tanga, zote zimewekwa `Africa/Dar_es_Salaam`, na bado siku imepotea. `LocalDate` haiguswi na hayo.

Saa saba na dakika arobaini usiku

*Shikamooni wakubwa. Ninasaidia kikundi kinachonadi samaki forodhani. Boti zinaingia usiku na alfajiri, na mtunza daftari anaandika saa za Kiswahili: saa 7:40 usiku, saa 11 alfajiri. Programu yangu ni ya Python. Nikipeleka thamani ya datetime kwenye ElementTree, laibrari yake ya kuandika XML, inakataa kuandika. Nikiigeuza iwe stringi, mpokeaji anasema si tarehe. Na tena sina hakika ile saa 7:40 niiweke siku gani. — Msomaji, Dunda, Bagamoyo*

Marahaba. Umeuliza maswali matatu. Tutaanza na la mwisho, kwa kuwa hilo kompyuta haiwezi kukuamulia.

Boti iliyoingia saa 7:40 usiku imeingia saa 1:40 baada ya kalenda ya kimataifa kugeuka siku. Mtunza daftari yuko kazini tangu jioni ya Alhamisi, na kwake ni usiku mmoja tu. Ukimwuliza ni usiku wa siku gani, kijana atasema usiku wa Alhamisi. Mzee wa Pwani anayehesabu siku tangu magharibi atasema usiku wa Ijumaa. Wote wawili wanasema kweli. Kwa hiyo usiweke kwenye fomu nafasi iliyoandikwa "usiku wa". Weka maneno ambayo hayana njia mbili: "usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa". Programu iamue yenyewe: saa zilizo kabla ya saa sita usiku zinapata tarehe ya Alhamisi, kuanzia saa sita kamili zinapata tarehe ya Ijumaa.

Kugeuza saa kuna kanuni mbili, na wengi wanakosea kwa kutumia moja. Saa za mchana unaongeza 6: saa 2 asubuhi ni 8, saa 9 alasiri ni 15, saa 12 jioni ni 18. Saa za usiku unaongeza 18, na ikifika 24 au kuzidi unatoa 24: saa 1 usiku ni 19, saa 6 usiku ni 0, saa 7 usiku ni 1, saa 11 alfajiri ni 5. Panapowaangusha watu ni saa 12 asubuhi. Inaitwa asubuhi, lakini kwa hesabu iko mwisho wa usiku: 12 na 18 ni 30, toa 24, inabaki 6. Ukiipitisha kwenye kanuni ya mchana inakuwa 18, na boti ya kucha inaonekana imeingia magharibi. Vivyo hivyo saa 12:30 asubuhi ni 06:30. Basi usimwachie mtu aandike neno la kipindi kwa mkono. Mpe orodha ya kuchagua, alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku, na uifunge kila moja kwa kanuni yake, huku saa 12 ya asubuhi ukiitenga.

Kwenye XML, saa za Kiswahili zisiingie kabisa. Ndani ya faili andika saa 24 kwa mtindo wa `xs:dateTime`. Unapomwonyesha mtunza daftari, geuza kurudi kwenye saa zake. Msomaji wa faili atakayekuwa Mombasa au Ujerumani hana namna ya kujua kwamba 7:40 yako ni 1:40.

Kuhusu ElementTree, maandishi ya elementi lazima yawe stringi. Ukiweka obijekti ya tarehe, kosa hutokea wakati wa kuandika faili, si wakati wa kuiweka, ndiyo maana mstari unaolaumiwa unakuwa mbali na mstari wenye kosa. Na `str()` haikufai kwa sababu inaweka nafasi tupu kati ya tarehe na saa, wakati XML inataka herufi T. Tumia `isoformat`:

```
kanda = ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam")
kuingia = datetime(2024, 5, 10, 1, 40, tzinfo=kanda)
e.text = kuingia.isoformat(timespec="seconds")
```

Hiyo inatoa 2024-05-10T01:40:00+03:00, na mpokeaji yeyote ataikubali. `ZoneInfo` inapatikana kuanzia Python 3.9, kwenye Windows ongeza pakiti ya `tzdata`, maana Windows haina orodha hiyo ya kanda. Usitengeneze stringi kwa `strftime` yenye `%z`: inaandika +0300 bila nukta mbili, na skima itaikataa. Usisahau `tzinfo` pia. Bila hiyo tarehe inatoka haina ukanda, nayo ni halali kwa XML, lakini kila msomaji atajijazia ukanda wake.

Unaposoma mafaili ya wengine utakutana na Z mwishoni, ikimaanisha UTC. `fromisoformat` iliijua Z kuanzia Python 3.11 tu. Kwenye toleo la chini yake badilisha Z kuwa +00:00 kabla ya kusoma.

Hapa, tofauti na kliniki ya Ngamiani, saa na ukanda ni lazima viwemo. Kuingia kwa boti ni tukio la nukta moja ya wakati; kuzaliwa kwenye kadi ni siku. Kila fildi ya programu yenu ipitishwe kwenye swali hilo kabla haijapewa aina.

Shehena iliyopakiwa mwaka wa kwanza

*Ndugu wahariri, ghala letu linahifadhi marobota ya mkonge. Programu ni ya C#, inatumia XmlSerializer kuandika XML. Robota ambalo bado halijapakiwa linaandikwa kwamba limepakiwa 0001-01-01T00:00:00. Mpokeaji anarudisha faili zima. Nilijaribu kuandika elementi tupu, likarudishwa tena. — Msomaji, Chumbageni, Tanga*

`DateTime` ya C# haiwezi kuwa tupu. Usipoipa thamani inabaki na thamani yake ya mwanzo, nayo ni 1 Januari ya mwaka 1, na XmlSerializer inaiandika bila kuuliza. Elementi tupu nayo si tarehe: stringi isiyo na kitu haimo katika thamani halali za `xs:date` wala `xs:dateTime`, na XmlSerializer ya upande wa pili itasimama na kulalamika kwamba '' si thamani inayokubalika. Njia halali ni mbili, na lazima mkubaliane na mpokeaji ni ipi.

Ya kwanza, badilisha aina iwe `DateTime?`, yenye alama ya kuuliza. Isipokuwa na thamani inatoka hivi:

```
<robota namba="118" kilo="250">
  <kupakiwa xsi:nil="true" />
</robota>
```

Skima nayo iwe na `nillable="true"` kwenye elementi hiyo, la sivyo itakataliwa. Ya pili ni kuiacha elementi isiandikwe kabisa: ndani ya klasi ongeza metodi ya umma iitwayo `ShouldSerializeKupakiwa`, irudishe kweli pale tu tarehe ilipo, na kwenye skima weka `minOccurs="0"`. Jina liandikwe sawasawa na la sifa yenyewe, herufi kwa herufi. Likikosewa hakuna kosa litakalotokea, metodi itapuuzwa tu.

Kwa ghala tungechagua ya kwanza. Elementi isiyokuwepo inaweza kumaanisha halijapakiwa, au programu ya zamani haikuwa na fildi hiyo, au mtu ameikata. `xsi:nil` inasema wazi kwamba nafasi ipo na bado haijajazwa, na kwenye ugomvi wa hesabu za marobota tofauti hiyo ina thamani. Ila kumbuka `DateTime?` haikubaliki kwenye atributi. Kama tarehe yako iko kwenye `XmlAttribute`, ihamishie kwenye elementi.

Mkiwa hapo hapo, kagua jambo moja ambalo hukuliuliza. `DateTime` ina sifa iitwayo `Kind`, na maandishi yanabadilika kufuata sifa hiyo: ya `Local` inatoka na +03:00, ya `Utc` inatoka na Z, ya `Unspecified` inatoka bila chochote. Tarehe zinazosomwa kutoka SQL Server kwa kawaida ni `Unspecified`, zinazotoka kwa `DateTime.Now` ni `Local`. Faili moja linaweza kubeba za aina zote mbili, na mpokeaji akizipanga kwa mfuatano, robota la asubuhi linatangulia la alfajiri. Kama mnachohitaji ni siku ya kupakia tu, andika `[XmlElement(DataType = "date")]` juu ya sifa hiyo na saa zote zitaachwa.

Saba Saba imekuwa tarehe 6

*Mambo vipi. Nina fomu ya kuwekea nafasi kwenye nyumba ya wageni. Mgeni anachagua 7 Julai, JavaScript inatengeneza XML, inatoka 2024-07-06. — Msomaji, Bagamoyo*

Ni ugonjwa ule ule wa Ngamiani, kwa mlango mwingine. `toISOString()` hugeuza kila kitu kwenda UTC kabla ya kuandika. Saa sita usiku ya 7 Julai hapa kwetu ni saa tatu usiku ya tarehe 6 kwa UTC, na ukichukua herufi 10 za mwanzo unachukua 6.

Nafasi ya kuchagulia tarehe ya kivinjari, ile `input` yenye `type="date"`, tayari inakupa stringi ya 2024-07-07. Iandike hiyo hiyo kwenye XML. Usiigeuze kuwa `Date` halafu uirudishe kuwa stringi. Kama huna budi kuanza na obijekti ya `Date`, jenga maandishi kwa `getFullYear()`, `getMonth() + 1` na `getDate()`, mwezi na siku ukizijaza sifuri kwa `padStart(2, "0")`. Ile 1 ya mwezi ni ya lazima kwa sababu JavaScript inahesabu miezi kuanzia 0. Na unapolisoma tena faili, `new Date("2024-07-07")` inachukuliwa kuwa saa sita usiku ya UTC. Hapa Bagamoyo itaonekana sawa, lakini mgeni aliyefungua uthibitisho wake akiwa New York ataona tarehe 6.

Tarehe za Kiislamu ndani ya xs:date

*Assalaamu alaykum. Tunaandaa kumbukumbu za madrasa, tarehe zote ni za Hijria. Tuliziandika kwa mfumo wa mwaka, mwezi, siku, kama 1445-09-01. Nyingi zilikubaliwa, chache zikakataliwa, na hatuoni tofauti yake. — Msomaji, Makorora, Tanga*

Wa alaykumus salaam. Zilizokataliwa zina bahati, maana zimejulikana. `xs:date` inafuata kalenda ya Gregori pekee. Ukiandika 1445-09-01 haisomwi kuwa mwezi mosi Ramadhani. Inasomwa kuwa 1 Septemba ya mwaka 1445 wa Miladia, na inapita kimya kimya. Iliyokataliwa bila shaka ni mfano wa 1446-02-30. Safar ni mwezi wa pili na unaweza kutimiza siku 30, lakini mwezi wa pili wa Gregori ni Februari, na Februari haina 30.

Weka tarehe ya Miladia kwenye elementi yenyewe, na ya Hijria kwenye atributi ya maandishi yenye kanuni yake:

`<hafla hijria="1446-02-30">2024-09-04</hafla>`

Kwenye skima, `hijria` iwe `xs:string` yenye mipaka ya muundo: tarakimu 4, kistari, mwezi 01 hadi 12, kistari, siku 01 hadi 30. Mpangilio na mahesabu ya siku vifanywe kwa Miladia.

Tunawasihi msiiachie programu kukokotoa Hijria na kuiandika kana kwamba ndiyo iliyofuatwa. `HijrahDate` ya Java inatumia kalenda ya Umm al-Qura ya Saudi Arabia. Kwetu mwezi unaandama kwa kuonekana, na siku inaweza kutofautiana na ile ya kalenda. Iliyotangazwa na kufuatwa madrasani ndiyo iandikwe kwa mkono. Kama mnataka ya kukokotoa pia, ipeni atributi yake nyingine.

Desemba inaruka mwaka

*Programu ya duka la dawa, Java. Mwaka mzima tarehe ziko sawa, ila mauzo ya 30 Desemba 2024 yameandikwa 2025-12-30. — Msomaji, Pongwe, Tanga*

Tazama kiolezo chako cha `SimpleDateFormat`. Umeandika `YYYY` kwa herufi kubwa. Hiyo si mwaka wa kalenda, ni mwaka wa wiki: wiki ya 30 Desemba 2024 inahesabiwa kuwa wiki ya kwanza ya 2025, basi mwaka unaruka huku mwezi na siku vikibaki. Andika `yyyy` kwa herufi ndogo. Hapo hapo kagua `MM`, ambayo ni mwezi, isiwe `mm`, ambayo ni dakika, na `HH` ya saa 24 isiwe `hh` ya saa 12. Kosa la dakika linaweza kupita bila kuonekana kwenye baadhi ya mauzo, kwa sababu mauzo ya dakika ya 5 yanaonekana kuwa ya Mei; linajitokeza pale tu dakika inapozidi 12, au inapokuwa 00. Na usiigawe obijekti moja ya `SimpleDateFormat` kwa nyuzi nyingi za programu, haikutengenezwa kwa hilo. Tarehe za wateja wawili zinaweza kuchanganyika. `DateTimeFormatter` haina shida hiyo.

Mafaili yaliyopita yapitishe kwenye skima yenye `xs:date`:

`xmllint --noout --schema mauzo.xsd mauzo.xml`

Itakamata mwezi wa 47 na mwezi wa 00. Ile 2025-12-30 haitaikamata, kwa kuwa ni tarehe halali. Hizo zitafute kwa njia nyingine: chagua rekodi zote za siku saba za mwisho wa Desemba, linganisha mwaka wake na siku faili lilipoandikwa, na yoyote yenye tarehe iliyo mbele ya siku ya faili lake kwa mwaka mzima ipunguze mwaka mmoja, ukiwa na kitabu cha risiti mezani.